Kilo Kumi na Tatu na Nusu

Ijumaa, tarehe 14
Karakana ya sare, chumba cha kukatia

Mama Shanga,

Jumatano tarehe 12, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nilipoteza nafasi ya mkataji mkuu. Dakika nazijua kwa sababu msimamizi aliziandika ubaoni mbele ya jina langu: hakufika, 2:10. Hadi leo hakuna aliyefuta. Kila nikienda kunywa maji napita mbele yake.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu zetu zinabaki kwa mlinzi getini mpaka jioni. Na hata hiyo jioni nikikupigia utalia, na mimi nikisikia mtu analia hesabu zote zinanitoka kichwani. Dereva wa lori la vitambaa anakwenda huko na kurudi kila siku isipokuwa Jumapili, na saluni yako iko njiani kwake. Jibu mpe mkononi.

Nikueleze nilichopoteza, maana tulipoonana hukuuliza. Tulikuwa watatu tunaowania. Kila mmoja anapewa robota moja la kitambaa, anakata suruali arobaini za sare, na anayebakiza kitambaa kizima kirefu zaidi ndiye anayechukua meza ya mkataji mkuu. Siku tisa nilikuwa najaribu kwa karatasi za magazeti wakati wenzangu wanakula. Nilikuwa nimefika kubakiza mita nne na robo. Aliyeshinda kabakiza mita mbili na nusu, na wamempigia makofi.

Mshahara siyo unaoniuma zaidi. Mkataji mkuu anaruhusiwa kuja na mtoto. Nyuma ya stoo kuna chumba cha watoto, kina mlezi wake, vitanda vidogo kumi na viwili, na kimoja kilikuwa kitupu. Nilishakipima kwa macho. Mwanangu Kifungo angeenea na nafasi ikabaki.

Sasa Jumanne. Saa sita mchana mlinzi ananiita getini. Ujumbe wa yule fundi viatu jirani yako: "Mtoto wako hoi, amekimbizwa zahanati, njoo." Nikatoka vilevile nilivyo, pini zimechomekwa kwenye blauzi. Nimekupigia njia nzima, hupokei. Basi likaharibika njiani, nafika kwako saa moja kasoro, namkuta mwanangu amelala, kope zimejaa kidogo, wewe unaosha vyombo. Ukaniambia ni vipele vya joto, na kwamba fundi viatu anapenda kukuza mambo. Nikalala naye usiku huo. Jumatano mchana nikawa nimerudi hapa, na meza ina mwenyewe.

Miaka miwili tumeleana watoto, na hakuna senti iliyowahi kutoka mkono huu kwenda ule. Wako kwangu Jumatatu na Jumanne, wangu kwako Jumatano na Alhamisi, saa zinaandikwa kwenye daftari, basi. Tuliita bure. Kwa wiki hizi nne unazokaa naye moja kwa moja tulikubaliana usingizi tusiuhesabu: saa kumi na nne kwa siku, siku ishirini na nane, ni saa mia tatu tisini na mbili. Nikikulipa kwa Jumamosi za saa nane nane, ni Jumamosi arobaini na tisa. Nilikubali bila kupepesa. Lakini kwenye daftari lile hatukupiga mstari wa siku kama Jumanne.

Nataka mambo mawili. Kwa nini hukupokea simu. Na kama ni vipele vya joto, nani alimkimbiza nani zahanati.

Mama Kifungo


Jumamosi, tarehe 15
Saluni

Shoga yangu, Mama Kifungo, Mheshimiwa Mkasi na Tepu,

Barua yako nimeisoma huku nina kichwa cha mteja mapajani, na mistari miwili ikanipinda mkononi. Kaenda nayo hivyohivyo, nimemwambia ndiyo mtindo mpya.

Kwanza pole. Pole ya kweli. Jumanne sikuuliza habari za meza kwa sababu uliingia mlangoni na uso wa hakimu, na mtu hamuulizi hakimu kashindaje. Kumbe uliacha mtihani. Mimi nilidhani mtihani ni Ijumaa, ndivyo ulivyoniambia ulipoondoka. Waliusogeza? Hukunitaarifu. Ningejua ni Jumatano ningekufukuza urudi hapohapo, hata kwa ufagio.

Unahesabu saa, mwenzangu. Mimi nahesabu vichwa. Tangu umeondoka nimeacha vichwa kumi na moja, maana Kifungo hakai peke yake na Shanga akiwa naye hawakai kabisa. Wamemwaga boksi zima la shanga ndani ya ndoo ya kuoshea nywele. Wamempaka mafuta ya nywele paka wa watu. Jumanne hiyo hiyo nilikuwa na vichwa vinne, na kimoja kilikuwa cha bibi harusi. Nilimwacha nusu kasukwa nusu kafumuliwa, akafunga kitambaa akaondoka ananitukana kwa adabu, yaani yale matusi yanayoanza na "dada yangu". Hicho nacho kiandike kwenye daftari lako, uone kitaingia safu gani.

Haya, maswali yako. Aliyekimbizwa zahanati ni Shanga. Aliamka na homa, sikio linatoa maji, nikambeba mgongoni nikatoka mbio. Fundi viatu macho yake unayajua, anawaona wawili hawa kama mtoto mmoja anayepita mara mbili. Kaona nimebeba mtoto, kadhani ni wa kwako, kakurupuka na simu. Yangu nilikuwa nimeisahau kwenye meza ya vitana. Foleni ilikuwa ya kukata tamaa. Mwisho wakamweka mtoto kwenye mizani, kilo kumi na tatu na nusu, muuguzi akaniangalia juu mpaka chini akaniuliza kama nyumbani tunamlisha. Nilitamani ardhi inimeze. Wakampa dawa, tukarudi. Ndiyo hayo tu, wala hakuna sinema.

Kifungo mzima. Amekula, ameringa, amekataa kuoga. Wateja bado wananiuliza jina lake limetokana na nini, na mimi bado nawasimulia siku alipomeza kifungo cha shati la watu ukakaa siku mbili unakisubiri na makaratasi ya kupokelea.

Usinikasirikie kwa maandishi, maandishi hayafutiki.

Shoga yako,
Mama Shanga


Jumatatu, tarehe 17
Karakana

Mama Shanga,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja.

Kilo kumi na tatu na nusu.

Mwezi uliopita, wiki moja kabla sijaondoka, mimi na wewe tuliwapandisha watoto wetu kwenye mizani ya yule muuza nafaka, kwa mchezo. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu Shanga alifika kilo kumi na nane na yule mzee akauliza kama tunauza. Wa kwangu alikuwa kumi na tatu na nusu kasoro kidogo.

Nimewashonea magauni ya chekechea kwa mkono huu. Kifua cha Shanga inchi ishirini na tatu. Cha Kifungo ishirini, na nilipunguza tena kwapani. Hawa watoto wana miaka minne wote, wamepishana wiki tatu, lakini miili yao naijua hata nikifumbwa macho. Homa ya siku moja haimli mtoto kilo nne na nusu.

Mtihani waliusogeza, ni kweli. Tuliambiwa Jumatatu jioni. Sikukutaarifu, hilo ni langu.

Sasa lako. Mtoto uliyembeba mgongoni Jumanne hakuwa Shanga. Kaa chini uniandikie alikuwa nani, na walimpa nini.

Mama Kifungo


Jumanne, tarehe 18
Saluni, nimefunga mlango

Mama Kifungo,

Alikuwa Kifungo.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika kama ilivyokuwa, usome mpaka mwisho ndipo unilaani.

Aliamka na homa na sikio linatoa usaha. Nilitafuta kadi yake ya kliniki kwenye kile kimfuko ulichoniachia: nguo saba, kandambili, kurasa mbili za maelekezo kwa mwandiko wako, saa ya kulala, saa ya kula, asiangalie televisheni karibu. Kadi haimo. Baadaye nikakumbuka ulisema karatasi muhimu hutembea nazo mwenyewe. Zahanati iliyo karibu ni ile ya bima ya kazini kwa shemeji yako, baba yake Shanga. Asiye na bima analipa kwanza dirishani, ndipo aonwe. Bibi harusi alikuwa bado hajanilipa. Mtoto anaungua mgongoni kwangu kama pasi. Nikatoa kadi ya bima ya Shanga. Karani akauliza, jina la mtoto? Nikasema Shanga. Mama mzazi ni wewe? Nikasema mimi.

Nikamnong'oneza Kifungo kwamba tunacheza mchezo, leo yeye ni Shanga. Alifurahi.

Wakamchoma sindano. Hata sijamfunga nguo vizuri, nikaona mdomo wa juu unakua. Halafu macho. Halafu akaanza kupumua kwa mluzi. Muuguzi alimnyakua kutoka mikononi mwangu, sikumwona mtu anakimbia vile na mtoto. Wakamchoma nyingine pajani, wakamvalisha kifaa cha hewa usoni. Daktari, mwanamke mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, akanishika bega akaniuliza, "Mama, umewahi kumwona hivi? Kuna dawa imewahi kumdhuru?"

Sikujua. Nilisimama pale nikiwa mama yake kwa karatasi na sikujua. Nikasema hapana.

Tulikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Uvimbe ukashuka. Daktari akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu asipewe tena dawa ile maisha yake yote. Faili la Shanga. Nilipofika nyumbani nikaona simu zako kumi na saba, na kabla sijapata neno la kusema ukawa umesimama mlangoni. Ulionekana umechoka hivi. Na mtoto amelala vizuri. Nikasema vipele vya joto. Likishatoka neno kama hilo unalijengea nyumba.

Halafu ukaandika kwamba kuja kwako kumekugharimu meza. Ningekwambiaje tena? Ikiwa ulikuja bure, nimekukosesha kazi. Ikiwa hukuja bure, nimekaribia kukuulia mtoto. Nikachagua ya kwanza.

Nisamehe au usinisamehe, lakini usinyamaze.

Mama Shanga


Jumatano, tarehe 19
Karakana

Mama Shanga,

Jana jioni kwenye simu nimekuuliza jina la dawa mara tano. Mara mbili umesema hujui, mara moja umesema inaanza na P, mara mbili umelia. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Leo nimekata mikono ya mashati sitini na nane na yote nimekata upande wa kushoto. Mashati sitini na nane hayana mkono wa kulia. Msimamizi hakunifokea, alivua miwani tu akaniangalia. Ameniambia nikiondoka tena kabla ya Jumamosi tarehe 29, wiki zote nne hazilipwi. Nimemwambia nimesikia.

Sina mume wa kunishika mkono wala bima ya mtu. Cherehani ya kwanza niliyoshonea nilikodi kwa zamu, saa ambazo mwenyewe amelala mchana. Kila nilichonacho nimekipata kwa kujua kipimo chake kabla sijakigusa. Na sasa mwanangu ana kitu mwilini kinachoweza kumwondoa kwa dakika kumi, na sijui jina lake. Wewe hujui. Kwenye kadi yake hakipo. Kipo kwenye faili lenye jina la mtoto mwingine. Akianguka kesho, mtu mwema yeyote wa zahanati yoyote anaweza kumchoma kwa huruma zote.

Na wako je? Umefikiria? Shanga koo linamvimba kila miezi miwili. Siku hilo faili litakapofunguliwa kwa ajili yake mwenyewe, watakataa kumpa dawa inayomfaa, kwa sababu ya wino mwekundu ambao si wake.

Nenda zahanati. Uliza jina. Liandike kwa herufi kubwa, mpe dereva.

Mama Kifungo


Ijumaa, tarehe 21
Saluni

Mama Kifungo,

Nimekwenda jana na leo, nimerudi mikono mitupu mara zote mbili. Jana nilimwambia karani mimi ni mama wa Shanga, nataka tu kujua jina la dawa ya Jumanne ile. Akasema majina ya dawa za mzio hayatolewi dirishani, daktari mwenyewe ndiye anayeeleza, tena mtoto akiwepo. Leo alfajiri nimerudi nikamwomba kwa jina la kila kitu ninachokiamini. Akaniambia, "Mama, mtoto wako ana miadi Jumanne tarehe 25 saa tatu. Utaelezwa yote siku hiyo." Miadi ya kumwangalia baada ya yale yaliyompata. Nilikuwa hata sikumbuki kama walinipa.

Na sasa kaza moyo. Tangu jana sikio la Kifungo limeanza tena. Homa hana. Analishika tu na mto unaloa. Fundi viatu ananiambia nimpeleke ile zahanati ya sokoni, wanachoma sindano kwa mstari kama wanagonga muhuri. Nilimwambia aendelee na viatu.

Nimefikiri usiku kucha na nimeona njia moja tu, na ninakuomba uifikirie na wewe kabla hujakasirika. Jumanne nimpeleke Kifungo kwenye ile miadi, kama Shanga. Mara moja tu, ya mwisho. Daktari yule anamjua. Anajua alichompa na kilichotokea. Katika mji huu mzima hakuna mikono mingine inayomjua mwanao kuliko ile, isipokuwa inamjua kwa jina la wangu. Atamwangalia sikio kwa usalama, ataniambia jina la dawa, nitakuandikia, wewe utaliandika kwenye kadi ya Kifungo kwa kalamu yako. Shanga nitamlinda mwenyewe, akiumwa koo nitampeleka kwingine kwa pesa taslimu.

Nikienda kusema ukweli, unajua kitakachofuata. Mwaka jana mwenzake shemeji yako kazini alimwazima mpwa wake kadi ya bima, ilikuwa jino tu, akapewa barua siku ya pili na bima ikafungwa kwa nyumba nzima. Sisi tuko watano chini ya kadi ile. Shemeji yako hajui chochote mpaka sasa. Kila akiingia nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Watoto wenyewe wala hawana habari. Juzi nilimwita Shanga aje ale, wakaja wote wawili. Nikacheka, halafu nikaenda kukaa chooni.

Niambie ndiyo. Wewe ni mtu wa hesabu, utaona kwamba hii ndiyo yenye hasara ndogo.

Mama Shanga


Jumamosi, tarehe 22
Karakana, mapumziko ya mchana

Mama Shanga,

Nimeipiga hesabu uliyoniomba. Nikwambie ukweli, nilipoimaliza mara ya kwanza jibu lilikuwa ndiyo. Nilikaa na hiyo ndiyo mdomoni tangu barua yako ifike jana mchana mpaka kengele ya saa nne leo. Daktari anayemjua, sikio lionwe, jina lipatikane, mimi nimalize wiki yangu nilipwe. Kila kitu kinaingia mahali pake. Nikaogopa jinsi kinavyoingia vizuri.

Kabla sijaendelea kuna jambo nimekuficha. Jumatano niliandika kwamba kwenye kadi ya Kifungo hakuna kitu. Nilikuandikia uongo. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika: "dawa ya maji ya pinki, vipele mwili mzima, kope zimevimba." Alikuwa na miezi kumi na moja. Muuguzi aliniambia, "Hilo usilisahau, mwambie kila atakayekaa naye." Mimi nikaandika kurasa mbili nzima za televisheni na saa za kulala, nikaliacha hilo kwenye kadi, nikaitia kadi kwenye mkoba wangu, nikasafiri nayo. Daktari alipokuuliza kama kuna dawa imewahi kumdhuru, jibu lilikuwa hapa, chini ya mto wangu. Uliulizwa swali langu. Kwa hiyo yale ya Jumanne ile nayagawa katikati, na sitakubishia kama utasema nusu yangu ndiyo kubwa.

Lakini ya Jumanne ijayo siyagawi.

Nisikilize. Nilimwendea karani wa hapa karakana anayeshughulikia bima za wafanyakazi, nikamuuliza kama vile namuulizia mtu mwingine. Anasema madai ya zahanati yanatumwa kwa bima mwisho wa mwezi. Yakishatumwa, kutumia kadi ya mtoto mmoja kwa mwingine ni wizi. Yakiwa bado yako dirishani, na mtu akaja mwenyewe, akasema kadi zilichanganywa, akalipa taslimu, mara nyingi wanafuta mstari na kuandika upya. Nikamuuliza mara nyingi ni ngapi kwa kumi. Akacheka, akasema saba, labda. Kwa hiyo tatu zinabaki. Sikufichi hizo tatu. Katika hizo tatu kuna kazi ya shemeji na kadi ya watu watano, na mimi sina cha kukurudishia hizo zikitokea. Hata Jumamosi mia hazifiki.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu vitatu. Kadi ya Kifungo, fungua ukurasa wa tatu. Barua yangu kwa daktari, nimeandika kwamba mimi ndiye mama, kwamba niliondoka na kadi, kwamba ulimbeba mtoto wangu akiwa hoi na hukuwa na njia nyingine, na kwamba kosa la karatasi limeanzia kwangu. Na pesa za siku zote mbili, ile iliyopita na ya Jumanne. Nimemkopa yule aliyechukua meza yangu. Alinipa bila kuniuliza, na nikajisikia vibaya kwa kila nilichowaza juu yake.

Ukiniuliza kwa nini siwezi kukubali mara moja tu, sina maneno mazuri. Nina picha moja. Ni mwanangu akiwa na miaka tisa, au kumi na tano, kwenye kitanda cha zahanati fulani, hawezi kusema kwa sababu mdomo umevimba, na mtu anapekua mafaili akimtafuta kwa jina lake na haoni kitu. Na chumba cha pili yuko wa kwako, koo limemziba, wanasoma wino mwekundu na kurudisha sindano kwenye sinia. Tutakuwa wapi siku hiyo mimi na wewe, tunasuka au tunashona, hatujui. Kila tukimwita mmoja kwa jina la mwenzake, picha hiyo inasogea.

Wala si kwamba nakudharau. Uliendelea kusimama pale ukishikwa bega. Wengine wangekimbia. Natamani ningekuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Haya, ya kutenda. Kama Jumanne saa tatu utasimama dirishani na kutaja jina la mwanangu, la kwake lile la kwenye kadi, mimi nitabaki hapa mpaka tarehe 29, nitalipwa, nitakuja, na lawama zozote atakazoleta shemeji nitazipokea mimi mlangoni kwenu. Mwambie yeye kabla, siyo baada. Kama utataja jina la Shanga, naacha mashati mezani, naacha wiki nne, nakuja kumchukua mwanangu, na daftari la saa tutalifunga mahali lilipofika. Wala sitakutukana. Sitakuja tena tu.

Mpaka Jumanne asichomwe sindano yoyote na mtu yeyote. Homa ikipanda usisubiri miadi: mpeleke hospitali kubwa na kadi hii, waonyeshe ukurasa wa tatu kabla hawajagusa chochote.

Dereva anafika kwako leo jioni. Kesho hasafiri. Jumatatu anapakia na kuondoka hapo saa nne kamili asubuhi, na saa saba yuko hapa. Nimemwambia asiwashe gari mpaka umpe karatasi, lakini saa nne ikifika hawezi kukusubiri, ana bosi wake.

Sitaki barua ndefu. Sitaki pole, sitaki maelezo, sitaki kujua umelala vipi. Jumanne saa tatu asubuhi karani atakuuliza jina la mtoto uliyembeba. Utataja lipi? Niandikie hilo jina moja tu, Jumatatu kabla ya saa nne.

Mama Kifungo